Toleo la Saba

Kazi yangu ni kijikaratasi.
Kurasa nne, picha mbili, saratani ya utumbo,
kwa Kiswahili kitakachoeleweka na dereva wa usiku
na mama anayefagia ofisi kabla wenyewe hawajaamka.

Toleo la kwanza lilisema "sampuli ya kinyesi".
Bi Mwamvita alikunja pua, akalisukuma mezani:
"Hiki ni Kiswahili cha mtu anayeogopa mikono yake."
Toleo la pili likasema "choo kikubwa".
Tukacheka wote, pale ukumbini Burngreave,
hita ikinguruma, mvua ya Sheffield ikichapa vioo,
biskuti za utafiti zikipungua kwenye sahani.

Toleo la nne liliuawa na neno moja.
Niliandika: *matokeo yakiwa hasi, huna la kufanya kwa sasa.*
Mzee Byamungu, fundi wa reli enzi zake kule Kalemie,
akavua miwani.
"Hasi ni ubaya, mama. Chanya ndiyo neema.
Mkiniandikia chanya, nachinja kuku."

Kinasa sauti kilikuwa kikipepesa taa yake nyekundu.
Nikamwona kuku huyo, maji ya moto, manyoya,
majirani wakiketi kula
habari ambayo hawakuisoma sawasawa.
Nikafuta. Nikaandika:
*Hatukuona damu.*
*Tumeona damu; njoo tukuangalie zaidi.*

Profesa Hallam anataka faida na hasara
zikae kwenye mizani moja, bila kidole cha mtu.
Kipimo si ramli. Huweza kupitwa na ugonjwa,
huweza kukutia kiwewe cha bure.
Uamuzi ni wako.
"Wangu?" akauliza Bi Mwamvita. "Basi andika hapo juu,
kwa herufi nene: Mficha maradhi, kifo humuumbua."
Nikamweleza: haturuhusiwi kutisha watu.
"Methali haitishi. Humkumbusha mtu anachokijua."
Nikaandika pembeni: *msomaji namba tisa apendekeza methali.*
Kamati ikajibu kwa baruapepe ya mstari mmoja.

Ndipo mzee akanigeukia, kwa upole kabisa:
"Na wewe, mama, ulituma cha kwako?"

Fomu ina visanduku vya umri, lugha,
miaka uliyoishi Uingereza.
Cha swali lile hakuna.
Nikasema ndiyo.

Bahasha yangu iko nyuma ya kopo la majani ya chai
tangu Machi, siku mbili baada ya kutimiza hamsini.
Naijua kila koma iliyomo. Sijaifungua.
Mama yangu alisema ni vidonda vya tumbo tu.
Alikunywa mwarobaini, akafua khanga zake usiku,
peke yake, akazianika ndani ya chumba
ambamo jua halifiki.
Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilidhani ni usafi.

Jumapili alfajiri nikaingia chooni na toleo la sita,
kalamu sikioni, kama mtu anayekwenda kusahihisha mtihani.
Hatua ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Ya tatu: *kwangua kwa kijiti, rudisha chupani, funga.*
Maneno matano, na moja kiunganishi hata halipo,
lakini hakuna mahali niliposema
kwamba kichupa ni kidogo kuliko kidole cha mwisho,
wala kwamba mkono utatetemeka,
wala kwamba utamkumbuka mtu.

Nikaketi ukingoni mwa bafu, nikaandika tarehe kwenye kichupa,
kisha, chini ya hatua ya tatu:
*Usiharakishe. Aliyeandika haya naye alitetemeka.*

Kamati itaufuta mstari huo. Wana sababu zao, na ni nzuri.

Sanduku la posta liko mwisho wa mteremko,
jekundu, limelowa. Bahasha haikutoa hata mlio.
Nikabaki nimesimama pale na mwavuli uliofungwa,
nikisoma saa za kuchukua barua,
nikizisoma tena,
kama kwamba ni mimi niliyezitafsiri.